Florini ikipungua, usikimbilie kuongeza mkondo

Ukiwa zamu ya alfajiri, wagonjwa wa kipimo cha PET (picha ya ndani ya mwili kwa kutumia dawa yenye mionzi) wanasubiri na florini-18, ile florini yenye mionzi ya dawa hiyo, imetoka pungufu, mkono huenda wenyewe kwenye kuongeza mkondo wa mwali wa chembe unaoitengeneza. Nimeendesha saikilotroni, mashine inayozungusha chembe zenye chaji kwa sumaku hadi zipate kasi kubwa, kwa miaka kadhaa, na ninakusihi: kwanza tafuta protoni zinapotelea wapi.

Anza na ombwe, ile nafasi iliyoondolewa hewa ndani ya mashine. Mashine nyingi za hospitali huzungusha ioni hasi za haidrojeni, na elektroni ya pili ya ioni hizo imeshikiliwa kidogo sana. Ioni ikigonga mabaki ya gesi, elektroni hiyo inang'oka, chaji inaisha, sumaku haiwezi tena kuipinda, nayo inakwenda moja kwa moja ukutani. Ukizidisha gesi kwenye chanzo cha ioni ili kufidia, unaharibu ombwe lilelile na hasara inakua. Ndiyo maana kila siku naandika mkondo wa umeme wa chanzo kando ya mkondo unaofika kwenye foili ya kaboni, karatasi nyembamba inayong'oa elektroni za ioni na kubakiza protoni. Chanzo kikianza kudai umeme mwingi zaidi kwa matokeo yaleyale, nakagua pampu, mipira ya kuzibia na katodi (sehemu ya chanzo inayotoa elektroni) kabla mashine haijagoma.

Mkondo ukifika salama kwenye foili lakini kolimeta (vizuizi vinavyokata kingo za mwali) zikawa zinakula sehemu kubwa, foili imechoka au mwali umehama. Badili foili, rekebisha sumaku.

Kwenye shabaha yenyewe, zile mililita chache za maji yenye oksijeni-18 ambayo protoni huigeuza kuwa florini-18, mimi hutazama presha kuliko kitu kingine. Mkondo uleule, maji kiasi kilekile, presha imeshuka: shuku valvu inayovuja.

Muda nao una kikomo chake, kwa sababu florini-18 huoza huku ikiendelea kutengenezwa. Dakika 110 za kupiga shabaha kwa mwali hukupa nusu ya kiwango cha juu kabisa ambacho mkondo huo unaweza kutoa. Dakika 110 nyingine zinakufikisha asilimia 75 tu. Kila saa unayoongeza inalipa kidogo zaidi huku chanzo kikizidi kulika.

Dirisha la shabaha, ile karatasi nyembamba ya aloi ya kobalti, hubaki na mionzi mikali hata mashine ikizimwa. Subiri mionzi hiyo ipungue kwanza. Fanya mazoezi ya kulibadili kwenye shabaha mpya isiyo na mionzi hadi mikono izoee, ndipo uingie, kipimo cha mionzi kifuani na kingine kidoleni.