Orodha ya nguzo ya Plataea: ni rejista ya wapiganaji?

SWALI: Waajemi waliposhindwa vitani Plataea, mji wa Ugiriki, mwaka 479 K.K., Wagiriki walitoa sadaka katika hekalu la Delphi: kigoda cha dhahabu cha miguu mitatu juu ya nguzo ya shaba ya nyoka waliosokotana, yenye majina ya miji. Je, naweza kuichukulia orodha hiyo kuwa ushahidi wa waliopigana siku ile?

JIBU: La, si peke yake. Soma kwanza kichwa chake: kinataja waliopigana "vita", yaani vita vizima dhidi ya Waajemi. Ndiyo maana kisiwa cha Tenos kimo kati ya majina 31. Kilichotoa ni merikebu moja iliyotoroka kutoka upande wa Waajemi na kuwaletea Wagiriki habari kabla ya mapigano ya baharini ya Salamis. Mji uitwao Pale, uliopeleka watu 200 Plataea kwa hesabu ya mwanahistoria Mgiriki Herodotus, haumo. Watu wa miji ya Elis na Mantinea wote walifika mambo yamekwisha, lakini Elis imeandikwa na Mantinea imeachwa.

Tena, maandishi hayo si ya kwanza. Jemadari Pausanias wa Sparta alikuwa ameandikisha ubeti unaomtaja yeye kuwa ndiye aliyewaangamiza Waajemi. Mwanahistoria Thucydides anasema Wasparta waliufuta mara moja, wakachonga majina ya miji.

Makaburi nayo usiyaamini kwa macho. Kwa mujibu wa Herodotus, baadhi ya vilima vya makaburi vya Plataea ni vitupu, vimerundikwa na miji iliyoona haya kwa kutokuwepo. Cha kisiwa cha Aegina kilijengwa miaka 10 baadaye na Kleades, mwenyeji wa Plataea, kwa ombi la Waaegina wenyewe.

Waliokumbuka kwa dhati ni wenyeji wa Plataea. Miaka 500 na zaidi baadaye, mwandishi Plutarch anaeleza ibada ya kila mwaka: mkuu wa mji, ambaye siku nyingine haruhusiwi kugusa chuma, anavaa kanzu nyekundu, anashika upanga na mtungi, anayaosha mawe ya makaburi kwa mikono yake, anayapaka manukato, kisha anachinja fahali mweusi. Sparta ilisahau mapema: mwaka 427 K.K. Waplataea walioshindwa na Sparta waliwaonyesha Wasparta makaburi ya baba za Wasparta hao wakiomba kusamehewa, na bado Waplataea wasiopungua 200 wakauawa.

Kwa kazi yako, weka orodha ya nguzo kando ya ile ya Herodotus, kitabu cha 9, sura ya 28 hadi 30, na kila jina lisilolingana ulitafutie sababu yake. Nguzo yenyewe iko Istanbul, bila vichwa vya nyoka. Majina yamo kwenye mizunguko ya chini.