Eka sita za mabingobingo kwa ajili ya etanoli: nipande?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina eka sita Muheza, michungwa imezeeka. Kuna wakala anauza pingili za mabingobingo. Anasema ni zao la nishati: unapanda mara moja, unavuna miaka, kiwanda cha etanoli, ile pombe ya kuendeshea magari, kitanunua. Nipande zote?

JIBU: Marahaba. Usilipie pingili hata moja kabla hajakuonyesha mkataba wa mnunuzi, wenye bei ya tani, na uliotaja kama ni tani mbichi au kavu. Kasheshe iko hapo.

Kuota yataota. Kwa mvua nzuri na mbolea, hekta moja hutoa hata tani 20 kavu kwa mwaka. Lakini yakikatwa mabichi, karibu asilimia 80 ya uzito ni maji. Lori la tani 10 linabeba tani mbili tu za kitu cha kuungua. Dizeli iliyobaki imesafirisha maji. Waingereza wanaolima miskanthasi, nyasi ndefu za nishati, wanabebwa na baridi: mabua hukauka shambani, sehemu kubwa ya virutubisho ikarudi ardhini, ndipo wavune. Mabingobingo yetu hayana msimu huo wa kulala na kukauka. Ukiyakata mabichi unaondoka na potasiamu, kirutubisho cha udongo, shamba linachoka, na ukiyachoma, potasiamu hiyohiyo huyeyusha majivu yakagandamana ndani ya boila.

Etanoli ya nyuzi, yaani ya mabua na majani badala ya sukari, ni ngumu hata kwa wenye fedha. DuPont, kampuni kubwa ya kemikali, walifungua kiwanda cha etanoli ya mabua ya mahindi huko Iowa, Marekani, mwaka 2015; 2017 wakaachana nacho. Na mbono kaburi, mmea wa mbegu za mafuta ya dizeli, hatujausahau: Kisarawe na Kilwa walisikia maneno haya haya, kampuni zikaondoka.

Anayefaidi nishati ya mimea ni yule ambaye malighafi tayari iko mlangoni kwake, kama kiwanda cha sukari cha TPC kule Moshi wanaochoma makapi ya miwa yao wenyewe.

Wewe panda eka moja, majani yapitie kwa ng'ombe kwanza. Ng'ombe wawili au watatu wa kufugia bandani wanatosha mtambo mdogo wa bayogesi: unapata maziwa, gesi ya kupikia, na tope la kurudisha shambani. CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini kilichoko Arusha, wana ramani za mitambo hiyo. Pingili omba kwa jirani, kwenye shina lililonawiri. Ukiona majani ya njano na vichipukizi vifupi vilivyosongamana, acha; huo ni ugonjwa wa kudumaa, na unasafiri na pingili.