Mfalme John, isnadi na maswali yenu

Makala yangu kuhusu Mfalme John wa Uingereza, aliyetawala kuanzia 1199 hadi 1216, yameniletea maswali mengi. Nimechukua sita. Mengi ya yaliyobaki yanarudia haya haya.

Nimesikia John alituma wajumbe Morocco akitaka kusilimu na kuikabidhi Uingereza kwa Waislamu. Ni kweli?

Hili limeulizwa kuliko yote, na karibu kila muulizaji amelipata kwenye ujumbe wa kusambaziwa. Tuitazame isnadi yake, yaani mnyororo wa wasimulizi, kama tulivyofundishwa kufanya na habari yoyote.

Aliyeandika ni Matthew Paris, mtawa wa monasteri ya St Albans, Uingereza. Anasema wajumbe watatu walimwendea khalifa wa Almohad, dola ya Kiislamu iliyotawala Morocco na kusini mwa Hispania, Muhammad al-Nasir, mwaka 1213, naye akawadharau na kuwafukuza. Matthew aliingia utawani mwaka 1217, John akiwa kaburini tayari, na aliandika miaka mingi baadaye. Anadai chanzo chake ni mmoja wa wajumbe hao, kasisi Robert wa London, ambaye kwa maelezo ya Matthew mwenyewe alizawadiwa na mfalme usimamizi wa St Albans, akawakamua watawa fedha. Basi hapo pana chuki ya nyumbani.

Soma pia jina alilompa khalifa: "Murmelius". Mtu aliyezoea kusikia hotuba ya Ijumaa atalitambua mara moja. Ni "Amirul-Muuminina", yaani Kiongozi wa Waumini, iliyovunjikavunjika mdomoni mwa mgeni. Mtawa alidhani cheo ni jina la mtu. Na al-Nasir mwenyewe alikuwa amevunjwa nguvu kwenye vita vya Las Navas de Tolosa, Hispania, Julai 1212. Alikufa kabla mwaka 1213 haujaisha. Jeshi la kumsaidia mtu wa mbali angelitoa wapi?

John alitafuta mlinzi, hilo ni kweli. Alikuwa ametengwa na kanisa tangu 1209 na Mfaransa alikuwa anajiandaa kumvamia. Lakini mlinzi aliyemkimbilia Mei 1213 ni Papa Innocent III. John alimkabidhi Uingereza na Ireland, kisha akazipokea tena kutoka kwake kwa ahadi ya kulipa marki 1,000 kila mwaka. Na daftari za matumizi ya nyumba yake zipo mpaka leo, zikionyesha fedha za kulisha maskini, kama fidia, kwa sababu mfalme alivunja mfungo wa kanisa wa Ijumaa.

Ndugu zangu, aliyeandika kisa hiki hakukusudia kuusifu Uislamu. Alitaka kumtukana John, na kwa wasomaji wake hapakuwa na tusi zito kuliko hilo. Mnaposambaza kwa furaha, mnasambaza tusi mlilotukanwa ninyi wenyewe.

Kalamu aliyosainia Magna Carta imehifadhiwa wapi?

Hakusaini. Magna Carta, mkataba ambao makabaila walimlazimisha kuukubali mwaka 1215, ulitiwa muhuri wa nta. Nimeshalijibu hili zaidi ya mara moja, tafadhali someni kwanza.

Magna Carta ndiyo iliyomletea mwananchi wa kawaida haki zake. Mbona unaibeza?

Siibezi. Nataka isomwe. Ina vifungu 63 kwa hesabu ya leo, na naona wengi wanaoitaja wamesoma viwili tu, cha 39 na cha 40. Hivyo ni vizuri kweli: mtu huru asikamatwe wala kufungwa ila kwa hukumu halali ya watu wa hadhi yake au kwa sheria ya nchi, haki isiuzwe, isinyimwe, isicheleweshwe. Nikivisoma hunigusa kila mara. Ila tazama neno "huru". Wakulima wengi wa Uingereza hawakuwa watu huru. Walifungwa kwenye ardhi ya bwana na kesi zao ziliishia kwa bwana huyo huyo. Endelea kusoma. Cha 33 kinaamuru uzio wa kuvulia samaki uondolewe mto Thames. Cha 54 kinakataza mtu kukamatwa kwa mashitaka ya mwanamke kuhusu kifo, isipokuwa aliyekufa ni mume wake. Huo nao ni Magna Carta.

Kiini cha ugomvi kilikuwa fedha. John alipoteza Normandy mwaka 1204, akatumia miaka kumi kukamua watu ili aikomboe. Kodi ya 1207 peke yake, sehemu moja kati ya 13 ya mapato na mali zinazohamishika, iliingiza kama pauni 60,000. Warithi walitozwa ada za kuwafilisi. Wajane walilipa ili wasiozwe mume wasiyemtaka. Kisha Julai 1214 washirika wake wakashindwa na Mfaransa kwenye vita vya Bouvines, na fedha yote ikawa imekwenda bure. Makabaila wakaasi, wakaingia London Mei 1215, na tarehe 15 Juni wakambana Runnymede, kando ya mto Thames, aukubali mkataba.

Papa aliufuta mkataba huo tarehe 24 Agosti. Wiki kumi. Uliodumu ni ule uliotolewa upya na mwanawe, Henry III, mwaka 1225, akipewa kodi kwa kubadilishana. Mwanafunzi anayeandika kwamba demokrasia ilianza 1215 ananakili makosa ya mwenzake.

Je, alimuua mpwa wake Arthur?

Mpwa ni mtoto wa dada. Arthur alikuwa mtoto wa kaka yake, Geoffrey, na uzito wa jambo uko hapo: wengi waliona yeye ndiye mwenye haki ya kiti. Alikamatwa Mirebeau, Ufaransa, Agosti 1202, akafungwa Falaise na baadaye Rouen, na mwaka 1203 akatoweka. Alikuwa na miaka 16 hivi.

Ndiyo, naamini alimuua, na nakitumia kipimo kile kile nilichotumia kwa kisa cha Morocco. Watawa wa Margam, Wales, waliandika kwamba John alimuua kwa mkono wake akiwa amelewa. Monasteri yao ilikuwa na uhusiano wa karibu na William de Braose, kabaila aliyekuwa pamoja na mfalme siku hizo. Mke wake, Matilda, inasimuliwa kwamba alipotakiwa kutoa wanawe rehani alisema waziwazi hawezi kumpa aliyemuua mtoto wa nduguye. Mwaka 1210 mama huyo na mwanawe walikufa kwa njaa ndani ya gereza la John. Hilo silisamehe.

Robin Hood alipigana naye?

Hapana. Tungo za zamani za Robin Hood, mwizi wa hadithi za Kiingereza, zinamtaja mfalme Edward. Zama za John alibandikwa karne ya 16.

Aliuawa kwa sumu?

Aliugua kuhara damu, akafia Newark usiku wa kuamkia 19 Oktoba 1216. Kisa cha mtawa aliyemtilia sumu kilizuka baadaye. Siku chache kabla, sehemu ya mizigo yake ilimezwa na maji na matope kwenye Ghuba ya Wash, mashariki mwa Uingereza, kwa sababu msafara ulivuka wakati mbaya wa maji kujaa. Msomaji wa pwani hahitaji maelezo. Mwanawe Henry alikuwa na miaka tisa. London ikiwa mikononi mwa waasi na mwana wa mfalme wa Ufaransa, mtoto huyo alitawazwa Gloucester siku kumi baadaye.