Farasi bingwa akipoteza umstaafishe lini? Niliyoyaona nikiwa saisi

Juzi jioni nilikuwa Kajjansi, hapa Uganda, kwenye kibanda cha rolex (chapati ya kukunja na mayai), pembeni kuna duka la kubeti na TV yao inaonyesha mbio za farasi za Uingereza. Kijana mmoja akaniuliza, mzee wewe si ulikuwa unafanya kazi ya farasi kule Nairobi, sasa huyu alikuwa anashinda kila siku na leo amekuwa wa nne, si wamwache tu apumzike? Nikaanza kumjibu, chapati yangu ikapoa, mtu wake wa boda akamwita wakaondoka na nilikuwa sijafika hata nusu. Kwa hiyo acha nimalizie hapa, maana ni jambo ninalolibeba moyoni miaka mingi.

Mimi ni mtu wa Tororo, lakini miaka kumi na moja nilikuwa saisi pale Ngong, uwanja wa mbio Nairobi. Saisi ndo yule anayeamka na farasi, anamlisha, anamwosha, anamsugua, na Jumapili ya mbio anamzungusha padoki wakati watu wenye pesa wanaangalia. Siku hizi nimerudi nyumbani naangalia farasi wa kupandwa na watoto na watalii. Sijawahi kumiliki farasi hata mmoja. Ninachosema hapa kinatoka upande wa mtu aliyeshika kamba.

Kulikuwa na farasi jike mmoja, jina lake la kwenye karatasi siliandiki, sisi bandani tulimwita Chai juu alikuwa anaingiza pua kwenye kikombe cha kila mtu. Alishinda mara saba katika mbio tisa. Mbio ya kumi ilikuwa ya mita 1,600, wote waliweka pesa kwake, na akawa wa tatu nyuma ya farasi ambaye Chai mwenyewe alikuwa ameshampiga mara mbili. Bosi mwenye farasi hakusema kitu, akachukua kofia akaenda. Mimi nikamrudisha Chai polepole, nikamwosha, nikampa chakula, nikalala.

Jumatatu saa kumi na moja alfajiri nikafungua mlango wa banda na kitu cha kwanza nilichoona ni ndoo. Nusu ya chakula kimebaki, shayiri, pumba, hata karoti, na huyu ni farasi ambaye alikuwa analamba ndoo mpaka inapiga kelele ukutani. Nikainama nikapitisha nyuma ya mkono wangu kwenye mguu wa mbele wa kushoto, pale nyuma ya mfupa ambapo kano inashuka kutoka goti kwenda chini, kisha mguu wa kulia, kisha wa kushoto tena. Wa kulia ulikuwa baridi kama ukuta. Wa kushoto kulikuwa na sehemu ndogo, upana wa vidole viwili tu, ina joto kama jiwe lililopigwa na jua la saa tatu. Haikuvimba. Nilipobonyeza kidogo akainua kwato kidogo sana, akairudisha.

Nikamwambia saisi mkuu, naye akamwambia trena, yaani mwalimu wa farasi. Trena akaja, akashika, akasema fungua maji. Tukaupiga mguu maji ya bomba karibu nusu saa, tukapaka udongo wa kupoza, tukafunga bandeji. Saa nne bosi alipofika bandeji imetolewa, mguu umepoa, Chai anatembea sawasawa. Daktari wa mifugo akaangalia kwa macho, hakuna skani iliyopigwa. Wakasema ni uchovu wa mbio tu. Bosi akanigeukia akaniuliza, saisi, wewe unaonaje? Trena alikuwa amesimama hapo hapo pembeni yangu. Nikasema, yuko sawa bosi.

Baada ya wiki tatu wakamwingiza tena, yaani kufuta ile aibu, hivyo ndivyo ilivyosemwa waziwazi. Kwenye kona ya mwisho alikuwa wa pili anakuja vizuri, halafu kichwa kikapanda juu, joki, yule anayempanda, akasimama kwenye vikuku akaanza kumvuta. Nikaruka uzio nikakimbia. Nilipofika alikuwa amesimama kwa miguu mitatu, anatetemeka, jasho linadondoka tumboni, na bado alikuwa anataka kuwafuata wale waliompita. Hakufa. Kano ilichanika, mguu ukajaa nyuma ukapinda kama ndizi, na umbo hilo analo mpaka leo.

Nimeeleza yote hayo ili uelewe kwa nini mtu akiniuliza bingwa amepoteza astaafu au asistaafu, mimi siulizi amepoteza kwa urefu gani au mbele ya nani. Nauliza alirudi vipi bandani. Ndoo ilikuwaje asubuhi? Miguu ilikuwaje kabla ya maji? Kwa sababu kupoteza kwenyewe hakukwambii kitu, farasi anaweza kupoteza juu joki alikosea, juu uwanja umejaa matope, juu alianzia nafasi mbaya, juu siku hiyo kuna mwingine mzuri zaidi, na hayo yote hayahusiani na kustaafu.

Tuliokuwa mbele ya TV au pale Kololo, Kampala, wenyewe Machi 2017 tunakumbuka, mbio za nyika za dunia, mkimbiaji wetu Joshua Cheptegei anaongoza, nchi nzima iko juu, halafu mzunguko wa mwisho miguu ikakataa kabisa, wakampita mmoja mmoja mpaka akamaliza wa 30. Banange, ile siku watu walilia. Sasa kama angekuwa farasi, Jumatatu kuna mtu angesema auzwe. Lakini alikuwa kijana wa miaka 20, aliondoka mapema mno kwenye joto lile, sababu ilionekana wazi. Agosti mwaka huo huo akachukua medali ya fedha ya mita 10,000 London, 2019 akashinda hizo hizo mbio za nyika, 2020 akavunja rekodi za dunia za 5,000 na 10,000, na dhahabu za Olimpiki anazo mbili. Ila Cheptegei akiumwa mguu anasema. Chai hakuwa na namna ya kusema isipokuwa ile ndoo na lile joto la vidole viwili, na aliyelisoma akanyamaza.

Na msidhani farasi anayeumia lazima apoteze. Black Caviar, farasi jike wa Australia, alipelekwa mbio za Royal Ascot kule Uingereza mwaka 2012 akiwa hajawahi kushindwa, akashinda kwa kichwa tu, yaani urefu wa kichwa cha farasi, watu wakamlaumu joki kwamba alilegeza mapema, kumbe alipopimwa baadaye wakakuta misuli ya mgongoni imechanika. Alikimbia hivyo hivyo. Wakampumzisha miezi, akarudi 2013 akashinda tatu tena, wakasimamisha hapo, mbio 25 ushindi 25. Farasi wazuri ndo wabaya zaidi kwa hili, moyo wao unaficha.

Kuna mifano ya pande zote na naona watu hubeba ule unaowafaa tu. Anayetaka kuendelea atakutajia Kauto Star, farasi wa kuruka viunzi, Mei 2011 alisimamishwa katikati ya mbio kule Punchestown, Ayalandi, ana miaka 11, kila mtu anasema basi mzee apumzike, na Novemba akashinda kwenye uwanja wa Haydock, Uingereza, siku moja baada ya Krismasi akashinda mbio ya King George ya uwanja wa Kempton kwa mara ya tano. Ni kweli kabisa. Lakini yule alipewa kiangazi kizima cha kupumzika kwanza, na farasi wa viunzi hukomaa taratibu wakadumu, usichukue hesabu yake ukampa farasi wa mbio fupi.

Anayetaka kuacha atakutajia Zenyatta, farasi jike. Novemba 2010, Churchill Downs, Marekani, ameshinda 19 kati ya 19, anatokea nyuma kabisa kama kawaida yake, akakosa kwa kichwa, farasi anayeitwa Blame akampiga. Miaka sita. Hawakutafuta mbio nyingine ya kufuta hiyo, wakampeleka Kentucky akazae. Mimi huo uamuzi naupenda sana, maana siku ile hakukimbia vibaya hata kidogo, kwa hiyo hakukuwa na kitu cha kurekebisha.

Enable, farasi jike wa Uingereza, ndiye ananisumbua. Oktoba 2019 alikuwa anatafuta ushindi wa tatu wa Arc, ile mbio kubwa ya Ufaransa, pale uwanja wa Longchamp, Paris, farasi Waldgeist akampita karibu na mwisho. Mwenye farasi, Khalid Abdullah, akaamua abaki mwaka mmoja zaidi. Na 2020 alishinda King George ya Ascot (si ile ya Kempton, ni mbio nyingine) kwa mara ya tatu, hakuna farasi aliyewahi kufanya hivyo kabla yake. Halafu Oktoba wakarudi Longchamp, uwanja umelowa, akawa wa sita, na siku chache baadaye wakatangaza mwisho. Je walikosea? Sioni hivyo, farasi alikuwa mzima na alishinda mbio kubwa katikati. Lakini ile Arc ya tatu ilikuwa hamu ya watu. Yeye kila asubuhi alitaka kutoka akimbie, Longchamp au popote, basi. Ukishajua hivyo utaacha kusema "tumpe nafasi ya kujisafisha". Hana anachojisafisha.

Sasa kama ni farasi wako, mimi nafanya hivi. Siku ya kupoteza usiamue kitu, wala usiongee na trena kuhusu mbio inayofuata, nenda nyumbani. Siku kumi hivi farasi atembezwe tu. Kila alfajiri mtu mmoja, yule yule, apitishe mkono miguuni kabla ya maji na kabla ya mazoezi, miguu yote minne, alinganishe. Ukikuta joto mahali pamoja asubuhi mbili mfululizo lipia skani, ni ghali lakini si ghali kama kano. Kano ikichanika inapona kwa kovu, miezi tisa mpaka mwaka na zaidi, na hilo kovu halivutiki kama kano ya mwanzo, ndo maana wengi wakirudishwa uwanjani hupasuka pale pale au mguu wa pili. Akirudi mazoezini shika mshipa chini ya taya uhesabu. Akiwa ametulia moyo unapiga kama 30 mpaka 40 kwa dakika, akikimbia kwa nguvu zote unapita 200, sasa angalia unachukua muda gani kushuka, na ulinganishe na alivyokuwa mwaka jana, usilinganishe na farasi wa jirani. Kisha angalia masikio ukimpeleka uwanjani. Farasi aliyekuwa anakuvuta kwenda na sasa unamvuta wewe, huyo ameshakujibu, hata kama miguu ni mizima.

Suala la pesa siendi mbali. Dume mwenye jina analipa zaidi kwa kupandisha kuliko kukimbia, ndo maana wanastaafishwa mapema hata bila kupoteza, Secretariat mwenyewe, yule farasi maarufu wa Marekani, aliondolewa 1973 akiwa na miaka mitatu juu hisa zake zilishauzwa dola milioni 6.08. Aliyehasiwa hana huko kwa kwenda, kwa hiyo wanamkimbiza mpaka aishe, na huyo ndo anahitaji mtu wa kumsemea zaidi.

Kitu kingine ambacho watu wanasahau, andaa pa kwenda kabla hujatangaza. Farasi anaishi miaka 25 na zaidi, yule bingwa wa viunzi Red Rum alifika 30, kwa hiyo ukimtoa akiwa na sita kuna maisha mazima yamebaki. Usimtoe kwenye shayiri nyingi leo ukamwacha kwenye nyasi kesho, tumbo litamfunga, punguza kwa wiki kadhaa. Mpe mwenzake, hata punda. Na ukimleta huku kwetu Uganda kumbuka chanjo ya ule ugonjwa wa farasi wa Afrika (African horse sickness) kila mwaka na umwingize ndani kabla jua halijazama, usubi wanaoeneza ule ugonjwa hutoka jioni, na mahali penye mbung'o usimpeleke kabisa.

Chai yuko shamba moja upande wa Naivasha, amezaa watoto wawili. Nilienda kumwona mwaka juzi, akaingiza pua kwenye kikombe changu.

Nyinyi masaisi wenzangu, najua kazi ni ngumu kupata na trena ndiye anayeandika majina Jumamosi. Mimi nilinyamaza kwa ajili ya mshahara, na mshahara wenyewe nililipwa miezi minne tu baada ya pale, kisha banda likafungwa. Na nyinyi wenye farasi, mkimuuliza saisi muulizeni akiwa peke yake, na msimuulize "yuko sawa?", mwambieni akuonyeshe mkono wake umesimama wapi kwenye mguu. Kama wako amepoteza Jumapili hii, Jumatatu saa kumi na moja alfajiri uwe bandani kabla bomba halijafunguliwa.