Mzee wa swala tano na mwaliko wa shamba la bia

SWALI: Mama wa safu, salaam. Mimi ni mstaafu wa reli, nina miaka 66, naishi Ng'ambo hapa Tabora. Binti yangu ameolewa Marekani, jimbo la New York, upande wa Syracuse, na Septemba nakwenda kumwona. Juzi kwenye simu akaniambia, "Baba, Jumamosi ya kwanza tunakupeleka shamba la bia, wajukuu wanapapenda sana." Nikanyamaza. Mimi ni mtu wa swala tano, kileo sijakionja tangu nizaliwe, na wajukuu wenyewe wana miaka sita na tisa. Shamba la bia ndiyo nini? Bia inalimwa? Nikikataa si nitamvunja moyo? Tena anasema nichukue viatu vya kutembelea porini.

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Uniwie radhi, nimecheka, maana "bia inalimwa?" ndilo swali nililomuuliza mdogo wangu aliponipeleka shamba la namna hiyo nje kidogo ya Ithaca, kama saa moja na ushee kwa gari kutoka huko Syracuse. Na mimi situmii kileo. Sukari ilipanda, daktari akapiga marufuku, basi nilikwenda kama utakavyokwenda wewe: macho na masikio tu.

Bia inalimwa, ndiyo. Pale huoni bomba la kiwanda lenye moshi. Unaona shayiri, unaona banda kuukuu la mbao, na nyuma yake kilima chenye miti. Mwaka 2012 jimbo lile lilitunga sheria, ikaanza kazi Januari 2013: anayechukua leseni ya kiwanda cha bia cha shambani atumie mazao ya humo humo jimboni, asilimia 20 kwa kuanzia, na kuanzia 2019 ikawa asilimia 60. Shabaha yao ilikuwa mkulima. Karne ya 19 New York ndiyo iliyoongoza Marekani kwa hopsi, ua chungu linaloipa bia ladha yake. Ukaja ugonjwa wa ukungu ukala mashamba, kisha serikali yao ikapiga marufuku pombe nchi nzima kuanzia 1920 hadi 1933, na kilichobaki kikafa. Sasa wanakifufua.

Hopsi usikubali kuondoka bila kuziona. Ni mmea unaotambaa, wanaupandisha kwenye kamba zilizofungwa juu ya nguzo za zaidi ya mita tano, ukisimama katikati ya mistari unajiona uko kwenye uchochoro wa majani. Septemba unawakuta wanamalizia kuvuna. Omba ushike kiua kimoja: chepesi kama karatasi, rangi ya kijani iliyofifia. Kipasue kwa kidole, ndani utaona unga wa njano unaonata. Harufu yake nilikaa nayo mkononi hadi usiku.

Lakini kilichonisimamisha mimi ni shayiri. Kijana aliyetuzungusha alieleza kwa madaha kwamba wanailoweka, wanaiacha ichipue, halafu wanaikausha kabla chipukizi halijawa jani. Nikamwambia mdogo wangu, "Si kimea hiki?" Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akipika pombe Isevya. Ulezi aliuloweka, akautandaza kwenye gunia, akaufunika, na sisi watoto tulikatazwa kupita karibu tusije tukaumwaga. Nilivuka bahari kwenda kuelezwa kazi ya mama yangu, tena kwa tiketi ya bei ile! Basi mzee, hata kama kileo hujakionja, ukisikia mtoto wa Kizungu anaeleza kimea, tikisa kichwa tu. Tabora tunakijua.

Ukumbi wao wa kunywea usiufananishe na kilabu chetu cha pombe. Kwetu mtoto akitumwa kumwita baba yake husimama mlangoni. Kule mtoto amekaa mezani anakula piza, mbwa amelala chini ya benchi, bibi anafuma. Kunywa ni kuanzia miaka 21, na wako makini kudai kitambulisho, ila mtoto kukaa na wazazi wake si ajabu. Wengi hawaagizi glasi kubwa. Wanaletewa vibao vyenye glasi nne ndogo, kila moja bia yake, wanaonja na kubishana. Kelele ipo, ya mazungumzo. Ugomvi mimi sikuuona.

Sasa hilo la swala. Kama kukaa mahali watu wanapokunywa kunafaa au hakufai, hilo si la gazeti. Muulize sheikh wako kabla hujapanda ndege, na jibu lake mpe binti yako mapema, si siku ile mkiwa ndani ya gari. Akikwambia bora uepuke ukumbi, bado safari haijaharibika: mashamba na vijia viko nje, na wajukuu ndiko wanakokimbilia, nakuhakikishia. Alasiri ikikukuta huko, chini ya mti kuna utulivu kuliko stesheni ya Tabora treni ikiingia.

La vinywaji nikuonye kwa aibu yangu mwenyewe. Kwenye ubao niliona neno "cider". Nikajua ni juisi ya epo, maana nyumbani kwa mdogo wangu chupa iliyoandikwa hivyo hivyo ilikuwa juisi tupu, wanakunywa watoto. Nikaagiza, nikanywa nusu glasi kwa kiu, magoti yakaanza kunieleza habari nyingine. Wamarekani wanatumia neno hilo moja kwa juisi mbichi na kwa iliyochachuka. Dukani, yenye kileo kwa kawaida huitwa "hard cider". Kwenye ukumbi wa bia ubao huenda usiseme "hard", wanaona inajulikana. Kwa hiyo uliza kila glasi: ina kileo au haina? Upande wa pili kuna "root beer", jina linatisha lakini ni soda tu, kama Tangawizi yetu isivyo pombe. Ukiona mjukuu anaibugia, usimpokonye.

Viatu: vilivyofunga mguu mzima, na soksi ndefu. Njia zao zina alama za rangi kwenye magome ya miti, ukizifuata hupotei. Adui ni kupe. Mzee uliyepita pori la Urambo unamjua mbung'o: anakuuma, unamsikia. Kupe wa kule ni mdogo kama mbegu, hana kelele, na wengine wana ugonjwa uitwao Lyme. Mkirudi mjikague, nyuma ya magoti na kwenye nywele za watoto. Kuna na mmea wa majani matatu matatu, ukiugusa ngozi inavimba na kuwasha, upupu ni afadhali. Mwambie binti akuonyeshe. Beba sweta, jua likizama Septemba baridi yao haina salamu.

Na mkwe akiagiza glasi ya tatu, mwombe binti ashike usukani. Hilo ni haki ya mzee kulisema.

SWALI: Dada, nina mizinga 40 Sikonge, na mke wangu anapika wanzuki, pombe ya asali, inayosifiwa. Ulishawahi kutusimulia kuhusu shamba hilo la Marekani. Siwezi kufanya kama wao, watu waje watembee, wanywe?

JIBU: Unaweza, ndugu yangu, ila anza na karatasi. Pombe ya kienyeji ya kuuza ina leseni yake chini ya Sheria ya Vileo ya 1968. Muone mtendaji, kisha ofisi ya biashara ya halmashauri. Na gongo isionekane hata kwa bahati mbaya.

Mimi ningekushauri uuze matembezi kwanza, wanzuki ifuate. Mgeni wa kutoka Dar hajawahi kuona mzinga wa gome la muyombo. Muonyeshe, na umwambie ukweli kwamba mti uliobanduliwa gome lile huwa unakufa, ndiyo maana wewe umehamia ya mbao (natumaini umehamia). Njia yako ipite mbali na mizinga, kwa sababu wageni wa mjini huja wamejipulizia manukato na wamevaa nyeusi, na nyuki wetu hawapendi vyote viwili. Mzinga mmoja wa maonyesho, usio na nyuki, unatosha kwa kupigia picha.

Halafu jenga choo. Kabla ya benchi, kabla ya bango, choo, kiwe na maji na mlango unaofungika kwa ndani. Pale Ithaca nilikikuta kabla sijaiona bia.