Jibu: Wanafunzi wangu wa Kikorea hawajibu maswali

Habari mwalimu. Unasema ukiuliza swali darasa zima linainamisha vichwa, nawe unahisi wanakudharau. Usiumie, sivyo. Kwanza angalia saa. Hapa Seoul hagwon, vile vituo vya tuisheni, hufungwa saa 4 usiku, na mtoto anayeingia kwako jioni yuko madarasani tangu asubuhi. Halafu anaogopa kukosea mbele ya wenzake.

Mimi niliacha kuuliza darasa zima. Nawapa dakika mbili wanong'onezane wawili wawili, waandike, ndipo namwita mmoja asome. Binti aliyemaliza miezi bila kutamka neno alisoma sentensi yake huku kafunika mdomo kwa daftari. Nilifurahi mno! Hayo ni ya sekondari; chekechea sijawahi kufundisha.