Kwa dada mwenye deni la VICOBA: habari ya kukiri kwa kinywa

Mleta mada, pole sana. Nimesoma swali lako na michango iliyofuata. Wengi wamekutupia aya mbili tatu wakaondoka. Nilivyokuelewa: umekopa VICOBA (kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana), biashara ya vitenge imelala, marejesho yamekushinda, mumeo hana habari, na mtumishi kakuambia kila alfajiri utamke "deni langu limefutika kwa jina la Yesu" na usikubali kinywa chako kiseme kinyume. Umetamka mpaka umechoka, mwenyekiti wa kikundi bado anapiga simu. Sasa unauliza kama kukiri kwa kinywa kuna nguvu kweli au tunajidanganya.

Nguvu ipo, dada. Mimi nimelelewa ndani yake. Ila yote niliyoyashuhudia yalitokea pale neno lilipomfikia mtu mwenye haki ya kulisikia. Chumbani peke yako, kwa habari ya deni la watu, sijaona.

Kwetu ni Bukoba, na babu na bibi walikuwa watu wa Uamsho, wale "ndugu" wa Tukutendereza, wimbo wao wa Kiganda wa kumsifu Yesu. Kwa wasioujua: mwaka 1929 Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi, alikutana Kampala na daktari Mwingereza Joe Church aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda. Wakakaa na Biblia, wakaombeana, na miaka iliyofuata moto ukasambaa Rwanda, Uganda, ukavuka hadi kwetu Buhaya, Kenya na kwingineko. Nsibambi hakuwa askofu wala kasisi. Na alama ya watu wale, kuliko mahubiri, ilikuwa kusimama mbele ya wenzao na kutaja dhambi kwa jina lake. Waliita kutembea nuruni.

Nikiwa mtoto ushirika ulikuwa ukikutana kwa babu, sebuleni, nyasi zimetandikwa chini. Kulikuwa na mzee mmoja aliyewahi kuwa karani wa kupima kahawa kwenye chama cha msingi. Kila mara akisimama anasema, "Bwana asifiwe, nami ni mwenye dhambi kama wanadamu wote, Bwana amenihurumia." Watu wanaitikia, wimbo unapigwa, anakaa. Siku moja kabla wimbo haujaanza, mama mmoja mzee aliyekaa karibu na mlango akamwambia taratibu, "Ndugu, taja."

Kimya kilikuwa kirefu. Sisi watoto tukaacha hata kuchokozana. Mwisho akasema, huku akiangalia zile nyasi, kwamba alikuwa akiwapunja watu kilo mbili kila gunia, anawaambia ni unyevu, na kahawa ile iliuzwa kwa jina la shemeji yake. Halafu akaanza kutaja majina ya waliopunjwa. Nusu ya waliotajwa walikuwa mle ndani. Babu alikuwemo.

Jumapili iliyofuata akaja na fedha kwenye bahasha. Bibi hakumkumbatia. Alizipokea, akazihesabu mbele yake, akamwambia zimepungua. Mzee akakubali, akamalizia msimu wa kahawa uliofuata. Kuna nyumba walimfukuza, na kuna jirani hakumsamehe mpaka anaingia kaburini. Lakini mtu yule alibadilika uso, na hili halikuwa langu peke yangu kuliona. Alikuwa mtu wa kukwepa macho. Baada ya pale akawa anakaa barazani kwetu anataniana na bibi kuhusu zile kilo. Zaburi ya 32 inasema, "Niliponyamaza mifupa yangu ilichakaa." Mimi aya hiyo naisoma nikiuona mgongo wa yule mzee.

Kwa hiyo Yakobo anaposema "Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa," angalia yuko nani pale. Ninyi kwa ninyi. Zakayo naye alisimama mbele ya watu akataja kiasi: nusu ya mali kwa maskini, na aliyemnyang'anya atamrudishia mara nne. Angesema tu "nimekosa sana" wala asingeulizwa kitu.

Kuna aliyeleta Warumi 10:9 hapo juu, "ukimkiri Yesu kwa kinywa chako ya kuwa ni Bwana", kuonyesha kwamba kinywa kinaumba. Tusome aya hiyo tukikumbuka dunia iliyoandikiwa. Karibu mwaka 112 gavana Plinio wa Bithinia, kaskazini mwa Uturuki ya leo, alimwandikia Kaisari Trayano wa Roma jinsi anavyoendesha kesi: anamuuliza mshtakiwa kama ni Mkristo, akikiri anamuuliza mara ya pili na ya tatu huku akimtishia adhabu, akishikilia, anauawa. Anayekana anaachiwa, alimradi atoe sadaka kwa miungu na kumlaani Kristo. Sentensi moja tu ya mdomoni, na wote wawili, mshtakiwa na gavana, walijua uzito wake. Hata jirani zetu Wakenya wanalo hili: wakati wa Mau Mau baadhi ya ndugu wa Uamsho kule Ukikuyuni walikataa kula kiapo cha damu cha wapiganaji, wakisema wamekwisha kunywa damu ya Kristo, hawawezi kunywa nyingine. Wapo waliouawa kwa jibu hilo. Na wengine hao hao walikataa pia kushika bunduki za serikali ya mkoloni, kwa hiyo walichukiwa pande zote.

Hayo ya "tamka upokee" yana historia yake tofauti. Ni mafundisho ya Marekani, ya E. W. Kenyon na baadaye Kenneth Hagin wa Oklahoma, yakatufikia kwa kanda, vitabu na mikutano ya hadhara. Siyatupi yote. Mama yangu alipolazwa, usiku maumivu yakimzidi alikuwa akisema Zaburi ya 27 kwa sauti, na manesi walikuwa wakisimama mlangoni kusikiliza. Alikuwa anajihubiria mwenyewe, na ilimshika. Mwandishi wa Zaburi ya 42 naye aliisemesha nafsi yake: kwa nini kuinama? Sina ugomvi na hilo hata kidogo. Ugomvi wangu ni pale mtu anapofundishwa kwamba kusema "nadaiwa" ni kukiri kushindwa. Hapo kinywa kimegeuzwa mahali pa kujificha. Wanapenda sana Marko 11:23, ya kuuambia mlima ung'oke, ukishuka aya mbili tu unakuta, "Nanyi, kila msimamapo na kusali, sameheni, mkiwa na neno juu ya mtu." Mlima na jirani viko kwenye mazungumzo yale yale.

Sasa tahadhari, maana hata kuungama hadharani nimeona kukiharibu. Kuna mama alisimama ibadani akatubu uzinzi na akamtaja mwanamume, na mke wa mwanamume huyo alikuwa benchi la pili. Wazee wetu wa Uamsho walikuwa wakali hapo: ungama ya kwako, ya mwenzio mwachie mwenyewe. Wakatoliki nao wana busara yao ya kitubio kwa padri, ambaye akiitoa siri hiyo anajitenga na kanisa papo hapo. Si kila jambo ni la kipaza sauti. Na mtumishi anayekutaka uungame mbele ya kamera, mkimbie.

Wewe basi. Maombi yako ya alfajiri endelea nayo. Ile sentensi ya deni kufutika iache, kwa sababu deni hilo ni akiba ya akina mama wenzako, na likifutika bila kulipwa wao ndio wameibiwa.

Anza na mumeo. Mpe kiasi kamili, mkopo na riba na faini zilizokwisha kuingia. Usimwambie "kuna kadeni kadogo", maana akija kujua kiasi halisi utakuwa na kesi mbili. Chagua saa ambayo watoto hawapo na ameshakula. Anaweza kufoka. Kama unahofia atakupiga, usiwe naye peke yako: mwite mzee wa kanisa unayemwamini au shangazi yake akae hapo.

Kisha wale waliokudhamini, kabla ya mwenyekiti, kwa sababu wao ndio watakaobanwa kwanza. Halafu kikundi. Nenda na daftari lako la marejesho, useme kiasi ulichoshindwa, na kiasi unachoweza kweli kwa wiki hata kama ni kidogo cha aibu. Vikundi vingine vina kifungu kwenye katiba yao cha kumpangia upya mwanachama aliyekwama, ila hakimhusu anayezima simu.

Kikao chenu kijacho ni lini? Kama ni wiki hii, ongea na mumeo kabla yake, maana kwenye akina mama wote hao hatakosekana mmoja ambaye mume wake anakunywa kahawa kijiwe kimoja na wako.